Kitenge cha tarehe 1 mwezi wa tano hakitoshi: mfanyakazi wa Fizi na Baraka anataka kuhesabiwa

Kila mwaka, ndani ya wiki mbili tu, sisi wakaaji wa Fizi na Baraka tunapitisha sikukuu tatu za kazi. Tarehe 30 mwezi wa nne ni siku ya walimu katika nchi yetu. Kesho yake, tarehe 1 mwezi wa tano, ni siku ya wafanyakazi wote. Na tarehe 12 mwezi wa tano ni siku ya wauguzi duniani kote. Kabla ya siku hizo mafundi wa cherehani hawalali. Vitenge vinakatwa, mashati yanapigwa pasi ya makaa, biro moja inachagua rangi ya kijani na nyingine ya bluu ili zisifanane kwenye defile. Mchana ni muziki, hotuba, soda ya moto na sahani ya wali na nyama ya mbuzi.

Mwaka mmoja nilimuuliza mama mmoja, muuguzi wa kituo cha afya cha upande wetu, kwa nini hakuonekana kwenye defile. Alicheka kwanza. Halafu akanieleza kwamba bei ya kitenge ilikatwa kwenye primu yake bila kuulizwa, na primu yenyewe ilikuwa imechelewa miezi miwili. Amezalisha akina mama kwa miaka mingi, lakini hana matrikile. Kwenye karatasi za serkali bado hayupo. Aliona haya kupita mbele ya tribini akiwapungia mkono wakubwa ambao hawajui hata kama anaishi. Kile kitenge alimshonea binti yake gauni.

Siandiki haya kwa kuharibia watu sikukuu. Napenda defile, napenda kuona walimu wakicheza ngoma na wanafunzi wao wakiwacheka. Kazi bila kicheko ni mzigo. Lakini nataka kusema jambo moja ambalo wakubwa wetu wengi, wa serkali, wa mashirika na wa watu binafsi, wanalisahau: furaha ya kazi haishonwi kwa fundi. Inatoka mahali ambapo mfanyakazi anahesabiwa. Kuhesabiwa ni mambo matatu: watu wanajua jina lako na kazi yako, wewe unajua fungu lako na siku ya kulipata, na unaona kwamba kazi yako imemfaa mtu. Mambo hayo matatu yakiwepo, kikombe cha chai kinakuwa sikukuu. Yakikosekana, hata ukichinja ng'ombe, watu watakula wakiwa wamenuna.

Sikukuu yenyewe ilitoka wapi

Tarehe 1 mwezi wa tano 1886, wafanyakazi wa Marekani waliacha kazi kwa maelfu, hasa katika mji wa Chicago. Hawakuomba shati wala soda. Waliomba siku ya kazi iwe ya saa 8, ili zibaki saa za kulala na saa za kukaa na watu wao. Siku chache baadaye, kwenye mkutano wao katika uwanja wa Haymarket, bomu lilirushwa, polisi wakapiga risasi, watu wakafa. Mwaka uliofuata watu wanne wa upande wa wafanyakazi walinyongwa. Mwaka 1889 wajumbe wa wafanyakazi kutoka nchi mbalimbali walikutana Paris, wakaichagua tarehe hiyo iwe ya wafanyakazi wa dunia nzima.

Kwa hiyo defile yetu ni mtoto wa swali la hesabu: saa ngapi, kwa malipo gani, na zinabaki saa ngapi za kuishi. Mkubwa anayenunua vitenge halafu anakataa kujibu swali hilo amechukua ganda, akaacha ndizi.

Twende kwanza ziwani

Ukitaka kuona watu wanaofanya kazi ngumu bila kupoteza kicheko, usiende kwenye biro. Nenda pwani ya Baraka alfajiri, wakati mitumbwi inarudi. Wavuvi wa dagaa wanafanya kazi usiku kucha, wakati mwezi haupo, kwa sababu dagaa wanafuata mwangaza wa taa. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazina nguvu, basi wanabaki nchi kavu, wanashona nyavu, wanapumzika. Kazi hiyo ina baridi, ina dhoruba, ina wezi wa mashine na nyavu, na samaki si wengi kama wazee wanavyosimulia. Hata hivyo utawasikia wakiimba wanapovuta wavu, na kila mmoja ana jina la utani ambalo mama yake hakumpa.

Kwa nini wanaimba? Wengine watasema ni tabia ya watu wa ziwa. Mimi naona sababu nyingine. Mvuvi anajua fungu lake. Kwa desturi, mwenye chombo na nyavu anatoa sehemu yake, mafuta yanatolewa, na kinachobaki kinagawanywa mbele ya macho ya wote. Usiku ukiwa mbaya, wote wamekosa na wote wameona. Usiku ukiwa mzuri, akina mama wanaosubiri na mabeseni wanashangilia, na mvuvi anasikia jina la chombo chake likisifiwa pwani nzima. Jina, fungu na faida ya kazi, vyote vinaonekana kabla jua halijapanda.

Sisemi kwamba ziwani kuna haki tupu. Wapo wenye vyombo wanaowapunja vijana wao. Lakini hata kijana anayepunjwa anajua amepunjwa kiasi gani, kwa sababu hesabu ilifanywa hadharani. Katika biro zetu nyingi hata hilo halijulikani.

Mwalimu asiye kwenye listi

Sasa tupande kutoka pwani, twende shuleni. Tangu mwezi wa tisa 2019, masomo ya msingi katika shule za serkali ni bure. Kabla ya hapo, primu ya wazazi ndiyo iliyomshikilia mwalimu. Asubuhi alisimama mlangoni kufukuza watoto ambao hawajalipa, na mchana alikutana sokoni na baba wa mtoto aliyemfukuza. Walimu niliozungumza nao wanasema hiyo ndiyo kazi waliyoichukia kuliko zote. Masomo ya bure yaliwaondolea haya hiyo, na katika nchi nzima watoto kwa mamilioni waliingia kalasi. Tuseme ukweli: kwa mwalimu aliye kwenye listi ya malipo, mageuzi hayo yalirudisha sehemu ya heshima yake.

Lakini kwa mwalimu asiye kwenye listi, wale tunaowaita NU, primu ya wazazi ilikuwa ndiyo chakula chote. Ilipokatika, alibaki na kalasi iliyojaa mara mbili na mfuko mtupu. Anasahihisha madaftari sawa na mwenzake, anapiga kengele sawa, anaitwa mwalimu na watoto wale wale, lakini mwisho wa mwezi mmoja anasaini na mwingine anaangalia mwenzake akisaini. Mwambie mtu huyo avae kitenge na acheze. Atacheza, kwa sababu ni mtu mzima na anawaheshimu watoto. Lakini usiseme kwamba umemjengea furaha.

Hata aliye kwenye listi ana safari yake. Tangu 2011 serkali ilianza kuwalipa watumishi wake kupitia benki, na jambo hilo lilipunguza majina ya uongo na mikono ya njiani. Lakini benki hazikufika kila kijiji cha Lulenge au Ngandja. Mwalimu wa mbali anafunga kalasi, anatembea, anapanda pikipiki, analala kwa watu, na sehemu ya mshahara inabaki barabarani. Mwaka 2025, vita ilipofunga benki za Goma na Bukavu, tuliona namna mshahara wa mtu wa kijijini unavyoning'inia kwenye uzi mwembamba.

Sasa nani atashangaa mwalimu kijana akiacha chaki na kwenda Misisi kutafuta dhahabu? Shimo la dhahabu lina hatari, linaweza kukuzika. Lakini halikuulizi matrikile, na jioni linakuambia wazi kama umepata au umekosa. Kijana huyo hakukimbia kazi. Alikimbia kutohesabiwa. Na anayelipa deni hilo ni mtoto wa mwaka wa tatu ambaye katikati ya mwaka anaambiwa kalasi yake itaunganishwa na nyingine, akae watu watano kwenye benchi moja.

Gilet moja, kazi moja

Kwenye afya, habari ni ile ile kwa sura nyingine. Eneo letu limeishi miaka mingi na mashirika. Médecins Sans Frontières walianza kazi Baraka mwaka 2003, na mwishoni mwa 2020 walitangaza kwamba wanasimamisha sehemu kubwa ya kazi zao Fizi kwa sababu ya usalama wa watu wao. Katikati ya miaka hiyo, na mpaka leo kwa mashirika mengine, vijana wetu wengi walijifunza kazi: kupima, kuandika, kusafisha maji, kupokea wagonjwa wa kipindupindu usiku wa manane bila kuchanganyikiwa. Wanajivunia, na wana haki ya kujivunia. Mtu aliyemwona mgonjwa wa kipindupindu akiletwa kwenye machela na kurudi nyumbani kwa miguu siku mbili baadaye hawezi kusahau kwamba mikono yake ilifanya kitu.

Lakini tulijifunza pia kitu kibaya: kwamba heshima inatoka kwenye gilet. Watu wawili wanaweza kulala zamu moja, mmoja ana gilet yenye alama ya shirika na primu inayofika kwa tarehe, mwingine ana blauzi aliyoinunua mwenyewe. Siku mradi unapofungwa, gilet inavuliwa, na fahari inaondoka nayo kama vile kazi ilikuwa ya gilet. Mashirika yanaweza kufanya vizuri zaidi. Mradi unaoanza uwaambie watu siku ya kwanza utaisha lini. Na siku ya mwisho usitoe cheti peke yake. Utoe barua inayosema huyu mtu alifanya nini hasa, ili kesho mwajiri mwingine aweze kumhesabu.

Wazee walikuwa na nini?

Wazee wetu wanapenda kutuambia kwamba zamani kazi ilikuwa na raha. Wanataja kiwanda cha sukari cha Kiliba, kule upande wa Uvira, kilichosimama mwaka 1996 vita ilipofika. Waliofanya kazi Katanga wanataja Gécamines: nyumba, posho, shule ya watoto, lopitali na mpira. Na hawadanganyi kuhusu mpira. FC Saint-Éloi Lupopo ya Lubumbashi, iliyoanzishwa mwaka 1939, ilizaliwa kwa watu wa reli, na mpaka leo wachezaji wake wanaitwa cheminots, watu wa reli, hata kama wengi wao hawajawahi kugusa treni. Hiyo ndiyo fahari ya kazi: jina la kazi ya baba linabaki kwenye midomo ya wajukuu.

Lakini tusikilize hadithi mpaka mwisho. Raha ile ilikuwa na mwenyewe. Kampuni za wakati wa ukoloni zilitoa nyumba na mpira, na kwa mkono ule ule zilichunga nani anasema nini. Mfanyakazi alikuwa mtoto, kampuni ilikuwa baba na mama. Baba alipougua, watoto waliteseka. Gécamines ilifika mahali pa kukaa miaka bila kulipa mishahara, na kati ya 2003 na 2004 watu zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa mpango uliosaidiwa na Banki ya Dunia. Mpira haukuwalisha. Kwa hiyo tukichukua kwa wazee, tuchukue kile kilichokuwa kizuri, yaani raha iliyosimama juu ya mshahara unaojulikana, na tuache ile tabia ya kumfanya mfanyakazi mtoto wa mkubwa.

"Hatuna pesa"

Najua jibu litakalokuja. Direktere wa shule atasema: mimi mwenyewe sijalipwa vizuri, nitampa nani furaha? Ana haki. Mara nyingi mkubwa wetu wa karibu yuko kwenye mtumbwi mmoja na sisi. Matrikile inatoka Kinshasa, haiko kwenye kabati lake. Kwa hiyo kwanza tuiambie Kinshasa bila kuzunguka: mtu anayefundisha na mtu anayezalisha wawe kwenye listi, na mshahara uwe na tarehe. Hakuna hotuba ya tarehe 1 inayoweza kuchukua nafasi ya hilo.

Lakini yapo mambo ambayo hayangojei Kinshasa. Nitataja machache.

La kwanza, pesa isemwe mezani. Listi ikifika, isomwe mbele ya wote. Primu ikiingia, kila mtu aone imeingia ngapi na imegawanywaje. Ikiwa haikuingia, isemwe haikuingia. Tufanye kama wavuvi wanavyofanya juu ya mchanga. Pesa kidogo inayoonekana inaleta chuki ndogo kuliko pesa nyingi iliyofichwa kwenye bahasha.

La pili, kitenge cha lazima kikome. Anayetaka anunue, asiyeweza apite na shati lake safi. Kukata primu ya mtu kwa ajili ya sikukuu yake mwenyewe ni kumfanya alipe mlango wa nyumba yake. Kama kuna pesa ya sherehe, waulizwe wafanyakazi wenyewe wanataka nini. Huenda watachagua mbuzi. Huenda watachagua kuiweka kwenye mitualite, imsaidie mwenzao aliyefiwa au aliyejifungua. Vyote viwili ni furaha, mradi wamechagua wao.

La tatu, tusifu kazi kwa jina na kwa kitu. Kusema "nawashukuru wote" ni rahisi na hakumfikii mtu. Kusema mbele ya watu "mwezi uliopita mwalimu huyu alibaki saa za jioni na watoto wa mwaka wa sita, na tumeona matunda" hakuna bei, na mtu analala nalo. Na tusiwasahau mlinzi, mama anayefagia na yule anayeteka maji. Kituo cha afya kisicho na maji hakina daktari mzuri.

La nne, saa za mtu ziheshimiwe. Kanuni ya kazi ya nchi yetu ya mwaka 2002 inaweka mwisho wa saa 45 kwa wiki, na inampa mama anayenyonyesha mapumziko mawili ya nusu saa kila siku. Wenye mkataba wana haki hiyo leo. Lakini hata pale ambapo kanuni hiyo haifiki, mkubwa anaweza kupanga zamu ili mtu mmoja asilale kazini siku tatu mfululizo kwa sababu tu hajui kukataa. Aliyechoka hawezi kucheka, na mgonjwa atakuwa wa kwanza kujua.

La tano, mchezo uwe mchezo. Mpira wa walimu dhidi ya wauguzi, chai ya ijumaa, salongo ya kufyeka uwanja inayomalizika kwa sambusa: haya ni mambo mazuri, na yanawakutanisha watu wa makabila mbalimbali ambao siku za taharuki wanaogopana. Katika eneo lililoumizwa na vita kama letu, chumba cha walimu ambamo watu wa lugha nne wanataniana si jambo dogo. Lakini utani uende pande zote. Mkubwa anayewatania wadogo na kukasirika akitaniwa hachezi. Na utani unaomgusa binti wa kazi mwili wake au heshima yake si utani hata kidogo; uitwe kwa jina lake na ukatazwe.

Sisi wengine pia

Nisiwaachie wakubwa peke yao. Sisi wazazi tulipofunguliwa mlango wa masomo ya bure, wengi tuliacha pia kwenda shuleni. Zamani tulienda kulipa. Sasa hatuendi hata kusalimia. Mtoto akifaulu tunasema ana akili kama mjomba wake. Akianguka tunasema mwalimu ni mvivu. Muuguzi tunamkumbuka siku tunapomlaumu. Kijiji kinachojua kubeba ndizi kwenda kumshukuru aliyewapatanisha ndugu kinaweza pia kutuma mzee mmoja na akina mama wawili kwenda kumwambia mwalimu: mtoto wetu anasoma barua za nyumbani sasa, asante. Hilo halilipi deni la serkali, na serkali isijifiche nyuma yake. Lakini mwalimu naye ni mtu, anahitaji kujua kwamba maneno anayoyasema mbele ya ubao yanafika nyumbani.

Tarehe 1 mwezi wa tano ikifika tena, nitasimama kando ya barabara kama kila mwaka nikitazama biro zikipita, moja ya kijani, nyingine ya bluu. Nitapiga makofi. Lakini sitaangalia sana vitambaa. Nitakuwa namtafuta yule mama muuguzi. Siku atakayopita mwenyewe, bila kulazimishwa, akiwa na matrikile yake na kicheko chake, hata akiwa amevaa blauzi ya zamani, siku hiyo nitaamini kwamba Fizi na Baraka tumesherehekea kazi.